Damu ya dharura inapokwama: mwongozo wa kutafuta chanzo kwa watumishi wa afya Mtwara na Lindi

Mwongozo huu ni kwa wauguzi, wakunga, madaktari, wataalamu wa usingizi, watumishi wa maabara na madereva wa magari ya wagonjwa walioko Mtwara na Lindi, kuanzia vituo vya afya ambavyo chumba chao cha upasuaji ni cha juzi tu hadi hospitali za rufaa za mikoa za Ligula na Sokoine. Umepangwa kwa dalili, yaani kwa maneno yale yale yanayosikika zamu inapoelemewa, na chini ya kila dalili vyanzo vinafuatana kuanzia kile kinachotokea mara nyingi zaidi. Msomaji ataona mapema kwamba vyanzo vingi havimo ndani ya maabara wala ndani ya wodi, bali vimo njiani kati ya vyumba hivyo viwili: sampuli ambayo hakuna aliyeambiwa aipeleke, simu ambayo kila mmoja alidhani mwenzake ameshaipiga, fomu iliyoandikwa "haraka" bila kusema ni haraka ya kiasi gani. Kwa hiyo ukaguzi mwingi uliomo humu hufanywa na watu wawili kwa pamoja, mmoja wa wodini na mmoja wa maabara.

Dalili ya kwanza: "Tumeomba damu, saa nzima imepita, haijafika"

Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni kwamba maabara haijui kuwa ni dharura. Fomu imefika, lakini imewekwa juu ya nyingine tano zilizokuja asubuhi kwa ajili ya upasuaji wa kupangwa. Ukaguzi wake ni rahisi na hauchukui hata dakika moja: uliza kwa sauti wodini, "Nani amezungumza na maabara kwa mdomo, na alizungumza na nani?" Kama hakuna anayeweza kutaja jina la aliyepokea simu, chukulia kwamba maabara haijaambiwa, hata kama watu wawili wanaamini kuwa imeambiwa. Simu yenyewe iwe fupi na iwe na namba ndani yake, kwa mfano: "Kaka, hapa wodi ya wazazi. Mama amejifungua, anavuja damu, mapigo 136, presha 80 kwa 50. Nahitaji chupa mbili, na nazihitaji sasa hivi. Sampuli inaletwa na mhudumu, ameshatoka. Nirudie ulichosikia." Sentensi ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na ndiyo yenye faida kubwa, kwa kuwa anayerudia alichosikia hugundua papo hapo alichokosa.

Hapa ndipo panapohitajika makubaliano kati ya wodi na maabara, nayo yafanywe mchana wa kawaida kabla ya dharura yoyote. Neno "haraka" lifutwe, na mahali pake pawekwe viwango vitatu. "Sasa hivi" iwe na maana kwamba mgonjwa hawezi kusubiri kipimo chochote, kwa hiyo itolewe damu ya kundi O. "Robo saa" iwe na maana kwamba kundi la mgonjwa lipimwe, kisha itolewe damu ya kundi lake huku upimaji kamili wa ulinganifu, yaani kuangalia kama damu ya chupa inakubaliana na ya mgonjwa, ukiendelea nyuma. "Saa moja" iwe na maana ya upimaji kamili, ambao kwa kawaida huhitaji dakika 45 hadi 60. Mtumishi wa maabara aliyeambiwa kiwango anajua la kufanya, lakini aliyeambiwa "haraka" hana budi kukisia, na akikisia kwa uangalifu, kama alivyofundishwa, atachagua kipimo kirefu.

Chanzo cha pili ni sampuli iliyorudishwa au iliyokataliwa. Kichupa kimeandikwa "Mama Fatuma, wazazi," na siku hiyo wodini wamelazwa akina Fatuma wawili, au kimeandikwa jina moja tu na fomu ina majina matatu. Maabara inayokataa sampuli ya namna hiyo haifanyi ukaidi, kwani kosa la kumpa mtu damu ya mwenzake huanzia mara nyingi kwenye lebo na si kwenye darubini. Sampuli ichukuliwe na mtu mmoja, iandikwe pale pale kando ya kitanda kwa majina kamili, namba ya jalada, tarehe, saa na saini, na mgonjwa mwenye fahamu aulizwe ajitaje mwenyewe badala ya kuulizwa "Wewe ndiye fulani?", kwa sababu mgonjwa aliyechoka huitikia jina lolote. Vichupa visiandikwe lebo kabla ya kutia damu. Maabara kwa upande wake ikikataa sampuli ipige simu mara moja, kwani kuirudisha kimya kimya kwenye trei kunapoteza nusu saa ambayo hakuna anayeihesabu.

Chanzo cha tatu ni kukosa mbebaji. Muuguzi yuko peke yake na wagonjwa wengi, mhudumu ameagizwa oksijeni, ndugu wa mgonjwa anatumwa na kichupa mkononi na kuzunguka majengo akiuliza njia. Atajwe mtu kwa jina mwanzoni mwa kila dharura, na kazi yake pekee iwe kwenda na kurudi. Katika vituo vidogo mlinzi wa zamu anafaa kabisa kwa kazi hii, mradi amefundishwa kwamba hapokei chupa bila fomu na hapiti popote njiani.

Chanzo cha nne hakisemwi wazi, nacho ni hofu. Mtumishi wa maabara anaogopa kutoa damu ambayo haijapimwa ulinganifu kwa sababu, likitokea la kutokea, ataulizwa yeye. Hofu hiyo ina msingi na haiondolewi kwa kumfokea kwenye simu. Huondolewa na karatasi: utaratibu uliopitishwa na kamati ya damu ya hospitali na kusainiwa na mganga mfawidhi, unaosema ni daktari wa ngazi gani anaweza kuidhinisha damu ya kundi O bila upimaji, anasaini wapi, na kwamba sampuli ya mgonjwa lazima ichukuliwe kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa. Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa huchaguliwa O hasi ikiwepo. Katika nchi zetu watu wenye damu hasi ni wachache, kwa hiyo mara nyingi haitakuwepo, na hapo O chanya huokoa maisha, huku suala la kingamwili, yaani kinga ambayo mwili wa mwenye damu hasi unaweza kujenga dhidi ya damu chanya, likiandikwa kwenye jalada ili lishughulikiwe baadaye.

Mara chache zaidi kinachochelewesha ni idhini. Katika familia nyingi za Wamakonde, Wamwera na Wamakua neno la mjomba lina uzito, na ndugu wanaweza kuomba asubiriwe hadi afike kutoka Newala au Ruangwa. Mgonjwa mtu mzima mwenye fahamu anajiamulia mwenyewe. Asiye na fahamu na aliye hatarini hasubirishwi mjomba, ila mmoja wa watumishi atoke nje akazungumze na familia kwa heshima wakati wengine wanaendelea na kazi.

Simama na uite msaada: idadi ya mapigo kwa dakika ikizidi namba ya juu ya presha, au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, usiendelee kukagua vyanzo hivi kimoja kimoja. Mwite daktari mwandamizi na mtaalamu wa usingizi kwa pamoja, na kama kituo hakina damu wala mpasuaji, piga 115 ya mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama kwa mjamzito, mzazi au mtoto mchanga wakati huo huo unapompatia huduma ya kwanza. Damu inanunua muda tu, na mshipa unaovuja unahitaji mkono wa kuuziba.

Dalili ya pili: "Damu hakuna"

Jibu hili lisipokelewe bila swali la pili: hakuna ya kundi lake, au hakuna kabisa? Mara nyingi jokofu lina chupa, lakini zimewekewa majina ya wagonjwa wa upasuaji wa wiki hii. Daktari wa zamu na mtumishi wa maabara wafungue jokofu pamoja na kusoma chupa moja moja. Iliyowekewa mgonjwa ambaye ameshapasuliwa, ameahirishwa au ameruhusiwa irudishwe kwenye akiba ya wote siku hiyo hiyo. Mabishano mengi kati ya idara ya upasuaji na wodi ya wazazi yangekwisha kama kungekuwa na ubao mmoja ukutani mwa maabara, unaoandikwa upya kila zamu inapobadilishana, ukionesha idadi ya chupa kwa kundi na tarehe ya kuisha kwake. Damu iliyohifadhiwa kwa CPDA-1, dawa ya mfukoni inayoizuia isigande, hukaa siku 35 tu, kwa hiyo chupa inayokaribia mwisho ndiyo itoke kwanza.

Chanzo cha pili ni msimu. Wachangiaji wengi wa hiari hupatikana katika shule za sekondari, na shule hufungwa Desemba, wakati ule ule mvua za kusini zinapoanza, malaria inapopanda na watoto wenye upungufu mkubwa wa damu wanapojaa wodini. Mwezi wa Ramadhani nao hupunguza uchangiaji wa mchana, ingawa zoezi likipangwa baada ya futari, kwa ushirikiano na maimamu, watu hujitokeza. Kalenda ya uchangiaji inapaswa kupangwa na kituo cha kanda cha damu salama kilichopo Mtwara pamoja na waratibu wa damu wa halmashauri, na wauguzi wa wodi ya watoto waitwe kwenye kikao hicho, kwa kuwa wao ndio wanaojua ni wiki gani wodi hufurika. Minada ya korosho, ambayo huanza Oktoba, hukusanya watu wazima wenye afya mahali pamoja, na haieleweki kwa nini hutumiwa kwa nadra.

Upande mwingine wa upungufu ni matumizi. Utafiti wa TRACT uliofanyika Uganda na Malawi na kuchapishwa mwaka 2019 ulionesha kuwa watoto wenye hemoglobini (kiwango cha wingi wa damu) ya gramu 4 hadi 6 kwa desilita wasio na dalili za hatari hawakufa zaidi pale walipofuatiliwa kwa karibu bila kuongezewa damu papo hapo. Mtoto aliye chini ya 4, au aliye kati ya 4 na 6 lakini anahema kwa shida, amepoteza fahamu au ana mshtuko, huyo hasubiri. Uamuzi huu ni wa daktari na muuguzi kwa pamoja, kwani ufuatiliaji wa karibu ambao hakuna muuguzi wa kuufanya haupo isipokuwa kwenye karatasi.

Chanzo cha tatu ni kukwama kwa vifaa. Vitendanishi au mifuko ya kukusanyia damu imekwisha, au barabara imekatika, kama ilivyokuwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoharibu barabara kuu eneo la Somanga, Kilwa. Kituo kilicho mbali, Liwale kwa mfano, kiweke akiba ya masika mapema na kijue hospitali jirani inayoweza kukiazima, iwe ya serikali au ya dini kama Ndanda na Nyangao. Makubaliano ya kuazimana yaandikwe kabla ya mvua.

Onyo: damu ya ndugu isitolewe na kuongezwa papo hapo bila kupimwa, hata kama ndugu analia na kundi linafanana. Lazima ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C na kaswende, kisha ulinganifu. Ndugu waitwe mapema, wakati chupa ya kwanza inaombwa, na wachujwe kwa vigezo vya kawaida: afya njema, uzito usiopungua kilo 50, na kama wameshachangia, miezi mitatu iwe imepita kwa mwanamume na minne kwa mwanamke. Damu haiuzwi, na anayedai malipo kwa chupa aripotiwe kwa mganga mfawidhi.

Dalili ya tatu: "Chupa imefika, lakini haiingii"

Anza na kanula. Kanula ya bluu kwa mtu mzima mwenye mshtuko haifai, tafuta ya kijani au ya kijivu, na ziwe mbili. Kisha angalia kama koki imefunguliwa na kama mkono umekunjwa. Kisha tazama mrija: damu hupitishwa kwenye mrija wake maalumu wenye chujio, na mrija wa dripu ya kawaida haufai. Ikiwa madonge yameonekana ndani ya mrija, uliza kilichopita humo kabla ya damu. Ringa laktesi ina kalsiamu na inaweza kuigandisha, dekstrozi huharibu chembe nyekundu, na hakuna dawa yoyote inayochanganywa na damu. Maji ya chumvi ya kawaida ndiyo pekee yanayoruhusiwa kwenye mrija huo.

Usiipashe chupa moto kwenye beseni wala juani. Mpashe mgonjwa: blanketi, nguo kavu, feni izimwe. Kama mtu mzima hapatikani mshipa kwa majaribio mawili, mtaalamu wa usingizi aitwe bila aibu, na kwa mtoto aitwe anayeweza kupitisha sindano kwenye mfupa.

Dalili ya nne: "Damu inaingia, lakini anazidi kuvuja"

Chanzo cha kwanza ni kwamba panapovuja hapajazibwa. Kwa mzazi, mkunga akague mfuko wa uzazi, kondo na michaniko kwa mpangilio, oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, iwe imetolewa, na asidi ya traneksami, dawa ya kusaidia donge la damu lisivunjike, gramu 1 ipite kwenye mshipa taratibu kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Jeraha la ajali ya bodaboda nalo lina saa 3 hizo hizo. Muda uandikwe kwenye jalada, kwa sababu daktari anayepokea zamu hawezi kukisia.

Chanzo cha pili ni damu iliyoacha kuganda. Kipimo chake kinafanyika kando ya kitanda bila mashine: mililita 2 hadi 3 za damu ya mgonjwa kwenye kichupa kikavu cha kioo, kishikwe kiganjani kipate joto la mwili, kisha kiinamishwe. Isipoganda baada ya dakika 7, au ikiganda donge laini linalovunjika, mjulishe mpasuaji na maabara mara moja, maana sasa mgonjwa anahitaji plazma, yaani majimaji ya damu yenye vigandishi, au damu nzima mbichi iliyokwisha kupimwa, na lita za maji ya dripu zitazidi kuzimua kilichobaki. Mkulima aliyeumwa na nyoka shambani hupimwa kwa kichupa hicho hicho lakini kiachwe wima dakika 20 bila kuguswa. Dawa yake ni dawa ya kuzuia sumu, kwani damu ya chupa peke yake itaharibiwa na sumu kama ile ya kwanza.

Simama na uite msaada: mtu mzima akiwa ametumia zaidi ya chupa 4 ndani ya saa moja na bado anavuja, hilo si tatizo la zamu moja. Mpasuaji, mtaalamu wa usingizi, maabara na mganga mfawidhi wawe kwenye simu moja, na hospitali ya kupokea rufaa ijulishwe.

Dalili ya tano: "Amebadilika tangu damu ianze"

Hapa utaratibu unageuka: funga mrija kwanza, chanzo kitatafutwa baadaye. Baridi, maumivu ya kiuno au kifua, kuhema, mkojo mwekundu au mweusi, presha kushuka, au mgonjwa kusema tu kwamba anahisi kufa, vyote vinatosha. Mgonjwa aliye chini ya usingizi hawezi kulalamika, kwa hiyo mtaalamu wa usingizi ndiye atazame mkojo na jeraha linaloanza kuchuruzika upya.

Ondoa mrija wote wa damu, weka mpya wenye maji ya chumvi, mwite daktari. Kisha watu wawili wasome upya jina la mgonjwa, fomu na lebo ya chupa. Chupa, mrija, sampuli mpya ya damu na mkojo wa kwanza virudi maabara, visitupwe kwenye ndoo ya taka. Maabara ikishapokea isimamishe mara moja chupa nyingine zilizotoka saa hiyo, kwa kuwa mgonjwa mmoja akipewa chupa isiyo yake, yuko mwingine ambaye huenda anakaribia kupewa ya huyu.

Homa peke yake, bila dalili nyingine, mara nyingi ni ya kawaida, lakini anayeamua hivyo ni daktari. Vipele na kuwashwa hutulia kwa dawa ya mzio. Uso ukivimba au kifua kikibana, adrenalini hudungwa kwenye msuli bila kuchelewa. Kukohoa na kushindwa kulala chali, hasa kwa mtoto mwenye utapiamlo au mzee, huashiria maji yamezidi: mkalishe, simamisha, mwite daktari. Ili dalili hizi zionekane mapema, muuguzi akae na mgonjwa dakika 15 za kwanza, na chupa yote iishe ndani ya saa 4.

Dalili ya sita: "Rufaa imefika na hatukuwa na habari"

Dereva amefika getini saa nane usiku kutoka Tandahimba, maabara imelala, na karatasi ya rufaa inasema tu "upungufu wa damu." Kituo kinachotuma kipige simu kabla gari halijaondoka na kitaje kundi la damu, hemoglobini na saa ilipopimwa, chupa zilizokwisha kuongezwa na dawa zilizotolewa kwa saa zake. Kinachopokea kimwamshe mtu wa maabara wakati huo, si gari likishafika. Hata hivyo kundi litapimwa upya, na kituo kilichotuma kisilichukulie hilo kama dharau.

Damu iliyosafirishwa na mgonjwa iwe kwenye sanduku la baridi lenye kipimajoto, kati ya nyuzi 2 na 10, barafu isiguse chupa, kwani chembe zilizoganda hupasuka na kuwa sumu. Jokofu la kuhifadhia lenyewe liwe kati ya nyuzi 2 na 6, na umeme ukikatika mlango usifunguliwe hadi jenereta iwashwe. Chupa iliyokaa nje ya baridi zaidi ya dakika 30 hairudishwi kwenye akiba. Iliyofika ikiwa na rangi ya zambarau au nyeusi, ina madonge au inavuja, isitumike hata kama ndiyo pekee iliyopo. Ipelekwe maabara ikiwa na maelezo ya nani aliipakia na saa ngapi, na maelezo hayo yasomwe kwenye kikao cha kamati ya damu ya vituo vyote viwili, dereva akiwemo.